Sauti ya Tatu, Upande wa Wanaume

Bwana asifiwe, wanakwaya wenzangu. Nimestaafu, sijafa, kwa hiyo acheni kunipigia simu kwa sauti ya msibani. Juzi Mwalimu Elisha, anayewafundisha sasa, alikuja hapa nyumbani Mkonze. Akanywa chai, akamsifia mbuzi wangu, ndipo akatoa kilichomleta: kwaya inaomba ruhusa kukata sehemu moja ya video ya ibada ya kuniaga, ile sauti inaponikatika, kabla haijapandishwa mtandaoni. Anasema ni kwa heshima yangu. Nilimwambia nitajibu kwa maandishi, maana kwa mdomo ningekasirika, na nikikasirika nasahau nusu ya hoja. Jibu liko mwishoni. Asiyetaka kusoma yote na asisome, lakini asije kuniuliza.

Aliniomba pia niwaandikie ninyi vijana habari za tuzo na safari kubwa. Tuzo ziko juu ya kabati, zinafutwa vumbi Krismasi kwa Krismasi. Safari kubwa nililala usingizi njia nzima. Nitaandika kuhusu sauti, maana ndiyo kazi niliyofanya.

Sauti yangu ni nene. Mama alikuwa akisema nilipolia mara ya kwanza mkunga aliniangalia mara mbili kuhakikisha kweli ni msichana. Kijijini kwetu halikuwa jambo la mtu kujadili. Wakati wa kupura uwele wanawake walisimama na fimbo zao kuzunguka masuke, mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakaingia, na hakuna aliyegawiwa sauti. Mama alinifundisha kanuni moja tu. "Sikiliza pengo liko wapi, uingie hapo," alisema. "Penye watu usiende kujazana." Pengo langu siku zote lilikuwa chini kabisa, na vishindo vya fimbo vikanisindikiza. Nilidhani dunia nzima inaimba hivyo.

Nilikuja kujua haiimbi hivyo nilipohamia Mkonze kwa shangazi na kujiunga na kwaya. Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Yoeli, mtu mwembamba aliyefundisha shule ya msingi asubuhi na kwaya jioni, na nyakati zote mbili alishika kijiti kilekile. Noti alituandikia ubaoni kwa chaki, do re mi, na kila mgeni alimwimbisha peke yake mbele ya wote. Wasichana watatu walionitangulia walipangwa sauti ya kwanza na ya pili. Zamu yangu ikafika.

"Panda," akasema. Nikapanda. "Panda tena." Nikapanda mpaka sauti ikageuka mluzi, na wasichana wakaanza kuchekea viganjani.

"Sasa shuka."

Nikashuka. Nikaendelea kushuka, na wale wasichana wakaacha kucheka, wakawa wananitazama tu. Mwalimu Yoeli akagonga meza kwa kijiti.

"Inatosha. Nenda sauti ya tatu."

"Mwalimu, huko ni kwa wanaume. Mimi ni msichana."

"Nimeona, macho ninayo. Sasa hivi nilikuwa natumia masikio."

Nikaenda. Nilisimama karibu na mwashi mmoja aitwaye Lazaro, mwenye mikono ya saruji na sauti safi kama maji ya mtungi, na ndiye aliyenifundisha kuvuta pumzi kwa tumbo badala ya mabega. Jumapili iliyofuata kanisa likachemka. Binti mbichi kasimama katikati ya wanaume, tena kwenye nyumba ya Mungu. Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa mke wa Lazaro, Mama Eliya, na leo simlaumu, maana mume mwenye sauti vile anafaa kulindwa.

Wazee wa kanisa wakaketi. Mmoja akashauri nirudishwe kwa wanawake niimbe sauti ya kwanza polepole. Mwalimu Yoeli akawaambia, "Mkimhamisha huyu, na mimi nahama." Wakavutana mpaka chai ikapoa, na mwisho wakapata njia ya kati ambayo sijaisikia mahali pengine popote duniani: wakaleta benchi. Benchi fupi la mninga kutoka chumba cha Shule ya Jumapili. Likawekwa kati yangu na wanaume, na hakuna aliyeruhusiwa kulikalia. Nikawa naimba nao nikiwa nimetengwa nao, kama vile sauti ya tatu inaambukiza. Wanawake upande huu, wanaume upande ule, mimi na benchi katikati.

Msidhani nililia. Nilikasirika, na hasira ni pumzi, ukijua kuitumia. Nilijiambia kama lazima benchi lisimame hapa, basi nitaimba mpaka watu wasahau kuwa lipo. Mwalimu Yoeli aliniona nimevimba, akaniambia jambo moja ambalo nimewaambia ninyi mara nyingi: anayeimba sauti ya tatu hasikiki anapokuwepo, anasikika asipokuwepo. Kwa hiyo kazi yako ni kuwepo.

Benchi lilisafiri nasi. Kwenye matamasha lilipandishwa juu ya lori pamoja na ngoma na masufuria, na Lazaro ndiye aliyelibeba begani tukishuka. Tulikwenda nalo hata Kondoa, kwenye mkutano wa injili wa hadhara, ambako nusu ya waliokuja kusikiliza walikuwa Waislamu waliotoka sokoni. Adhana ilipokaribia tulizima jenereta bila kuambiwa, tukakaa kivulini, na wale waliokwenda kuswali wakarudi wakatukuta tunawasubiri. Hiyo nayo ni kazi, kujua wakati wa kunyamaza. Katika waliorudi alikuwepo mama mmoja wa Kirangi mfanyabiashara wa nafaka, Bi Zuhura. Aliliangalia benchi, akaniangalia mimi.

"Dada, hilo benchi anakuja kukaa nani?"

"Adabu," nikamjibu.

"Basi ikae. Sisi tutasikiliza," akasema, akatandika khanga yake chini. Urafiki wetu ulianzia hapo, na baadaye alipohamishia biashara yake soko la Majengo, huku mjini kwetu, tukawa majirani wa mji mmoja.

Sasa niwape ya kazini kidogo, maana mwenzenu mmoja ameniuliza natumia dawa gani. Mlenda, ile mboga ya utelezi. Wengine wananunua pipi za koo na tangawizi na vitu vya kupuliza, mimi nimekula mlenda na ugali wa uwele maisha yangu yote na koo halijawahi kukwama. Vumbi la kiangazi msipambane nalo kwa kukohoa, mnajikwaruza, mezeni mate. Maiki iwe mbali na mdomo kiasi cha ngumi, na msiigonge mkisema "moja mbili, moja mbili", fundi mitambo ana masikio yake. Jenereta ikae upande upepo unakoelekea, la sivyo mtaimba moshi. Na msikubali kamwe wimbo upandishwe ufunguo ili kumfurahisha mtu ambaye hatauimba yeye. Hili la mwisho nililijua kwa uchungu, kule Kizota.

Mwalimu Yoeli alikuwa ameshahamishiwa shule nyingine, nami nilikuwa nimeolewa, nina watoto, na nimeanza kuitwa kuongoza nyimbo mbele. Benchi likabaki nyuma kanisani bila mtu wa kumtenga. Kamati ya kwaya ikaamua turekodi kanda. Studio ilikuwa Kizota, chumba kimoja kati ya wachomelea mageti na maseremala, na mwenye studio alikuwa kijana mchapakazi aitwaye Jofrey. Tulirekodi mafundi walipokwenda kula. Mashine za kukata vyuma zikinyamaza tu, Jofrey anapunga mkono, tunaimba mbio mbio kabla hawajanawa. Kuna wimbo mmoja una nyundo ndani yake, seremala aliwahi kushiba, na watu wengi wameniuliza ile ngoma nzuri ilipigwa na nani.

Kanda ikatoka. Mama alikuwa amekuja kunitembelea, amekaa jikoni anachambua mboga. Nikaiweka kwenye redio nikasubiri afurahi. Alisikiliza wimbo mzima, kichwa kimeinama.

"Huyu binti ni wa nani?" akauliza.

"Ni mimi, mama."

Akaacha mboga. "Wewe? Wamekufanya nini?"

Nikasikiliza upya, safari hii kwa masikio yake. Jofrey alikuwa ameipandisha sauti yangu kwa mashine. Alikuwa anaimba msichana mwembamba wa miaka kumi na sita, mwenye pua kidogo, ambaye sijawahi kukutana naye. Niliona aibu, na aibu ikageuka hasira kabla wimbo wa pili haujaanza. Mama yangu mzazi hakunijua. Kesho yake asubuhi nilikuwa Kizota.

"Mama, nimeipandisha kidogo tu," Jofrey akasema. "Soko linataka sauti nyororo. Ya kike."

"Na yangu ni ya nini?"

"Ni yako hiyo hiyo, nimeisafisha tu."

"Ilikuwa chafu?"

Akainamia mashine yake. Sikuwa na haja ya kumgombeza zaidi, maana kamati ilikuwa imemkubalia bila kuniuliza. Kanda zilikuwa zimeshafika Majengo. Nikaenda Majengo. Nilipita kibanda kwa kibanda nikizikusanya, na wenye vibanda waliponiuliza kuna nini niliwajibu ukweli: aliyeimba humu simjui. Bi Zuhura aliniona napita na kanda kwenye upindo wa khanga, akanipa gunia tupu la mtama, kisha akaacha duka kwa mwanawe akatembea nami. Yeye ndiye aliyebishana na wagumu. Msiniulize hasara ilikuwa kiasi gani, habari za hela nimeziacha nje ya barua hii kwa makusudi.

Kamati iliniita. Mwenyekiti akasema nina kiburi, kwamba mtumishi wa Mungu anapaswa kunyenyekea. Nikamwambia kiburi ni kumrudishia Mungu sauti aliyokupa ukidai nyingine. Akasema kwaya itaaibika, watu watadhani tumemweka mwanamume aimbe wimbo wa mwanamke. Nikamwambia wadhani, kudhani si dhambi. Tukarekodi upya, kwa sauti yangu, na kweli watu walidhani. Nilikuwa nikipita Majengo nasikia mtu anamuuliza mwenzake huyu mzee anayeimba ni nani, nami naendelea na safari yangu ya kununua nyanya. Kanda ile ya pili ilikwenda taratibu kuliko ambavyo ya kwanza ingekwenda. Sijawahi kujuta hata siku moja.

Mnaotaka kujua kesi ngumu kuliko zote, haikuwa hiyo. Ilikuwa msiba wa Lazaro.

Msibani ni mahali pa kuimba kwa akili. Usiimbe vizuri sana, utawafanya watu wakutazame wewe badala ya kulia. Usiimbe vibaya, utawaudhi. Tulikuwa tumemaliza nyimbo zetu makaburini, udongo umeshawekwa, mashada yanapangwa, Mama Eliya akanyanyuka kwenye mkeka akanijia. Yule yule wa benchi. Tulikuwa hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu.

"Foibe," akasema, "imba ule wimbo wa jioni. Lakini imba wa kwake."

Sikumwelewa. Akanishika mkono.

"Ninyi mnaimba na wote pamoja, mimi siujui hivyo. Mume wangu alikuwa akifanya mazoezi jikoni, miaka yote, nikipika. Mimi wimbo huo naujua kwa sauti ya tatu tu. Na hapa hakuna anayeijua kama yeye, ila wewe."

Mnajua sauti ya tatu ikiimbwa peke yake inavyokuwa. Si wimbo. Inakaa kwenye noti moja muda mrefu, inapanda kidogo, inarudi, mtu asiyejua anadhani umesahau. Waombolezaji walianza kutazamana. Mchungaji akajikohoza. Nikaimba beti zote, pale pale kando ya kaburi, bila mtu wa kuniegemeza juu wala chini, na Mama Eliya akaimba nami noti kwa noti, mama wa nyumbani ambaye hajawahi kuingia kwaya. Hakukosea hata moja. Nililia nikiimba, jambo ambalo huwa nawakataza ninyi. Toka siku hiyo hakuna mtu aliyeniambia sauti hii ni ya wanaume nikamjibu kwa utaratibu.

Sasa tufike kwenye Jumapili yenyewe.

Wiki moja kabla, nilikuja mazoezini kimya kimya nikakaa nyuma. Mbele, mstari wa sauti ya kwanza, nikamwona Neema, yule binti anayesoma chuo, aliyejiunga mwaka huu. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufungika kwa wakati sahihi kabisa, na hakuna kitu kilichokuwa kinatoka. Mazoezi yalipokwisha nikamwita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona unaimba bila sauti?"

Akatazama viatu vyake. "Juu sifiki. Nikiimba chini naambiwa naharibu. Nimeambiwa nifungue mdomo tu, kamera isinikute nimefunga."

Alinijibu kwa sauti ya chini sana, na niliposikia ilivyo nene nilishtuka. Nikamfuata Mwalimu Elisha. Si mtu mbaya, ninyi mnamjua, na anaijua kazi yake. Akanieleza kwa heshima zote kwamba sauti ya tatu ni ya wanaume, kwamba wanaume wana majoho ya buluu na wanawake ya damu ya mzee, na Neema akisimama kule na joho lake video itaharibika. Wazee wangu walileta benchi. Yeye ameleta rangi. Kisha akanieleza na mpango wa kuniaga: nitakaa kwenye kiti kilichopambwa, nitapewa maiki, mitambo itapiga wimbo wangu wa zamani, nami nitafungua mdomo tu. Kwa umri huu, alisema, tusihatarishe.

Kwa hiyo siku ya kuagwa nami ningekuwa Neema. Nilimuaga. Nilikwenda nyumbani nikapika mlenda.

Jumapili mlikuwepo. Jina langu likaitwa, muziki ukaanza kupiga, na kile kikanda cha ujana wangu kikafungua mdomo kabla yangu. Nikamwambia fundi mitambo, "Zima." Akamtazama Mwalimu Elisha. Nikamwambia, "Mwanangu, anayeagwa ni mimi. Zima." Akazima. Nikainuka kwenye kiti chenu cha maua, ambacho kilikuwa kizuri, ahsanteni, nikatembea mpaka nyuma kwenye sauti ya tatu. Benchi lilikuwa bado lipo pale, limewekewa spika na nyaya. Mlidhani ni meza. Nikawaomba wanaume wawili waondoe spika na walitoe benchi nje. Kisha nikamwita Neema kwa jina.

Alikuja. Joho la damu ya mzee katikati ya buluu, na hakuna aliyeanguka.

Nilianzisha ule wa jioni kwa sauti yangu, chini, pale ninapouanzia siku zote, nanyi mkaingia mmoja mmoja, kwanza kwa woga. Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wa pili ulikwenda. Katikati ya wa tatu sauti ikanikatika. Haikukwaruza wala kutetemeka, ilikatika kama kamba ya kisima, nikabaki nimefungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu niingie kanisa lile nilisikia pengo pale ninaposimama mimi.

Sikuwa nimemfundisha Neema ubeti ule. Sikumgusa wala kumtazama. Aliingia mwenyewe, noti ile ile niliyoiacha, na akaishika.

Sikurudi tena kwenye wimbo. Ningeweza, pumzi ilirudi baada ya muda mfupi. Lakini palikuwa na mtu, na mama yangu alinikataza kwenda kujazana penye watu.

Basi, majibu. Neema asimame sauti ya tatu, na kama rangi inawasumbua mshoneeni joho la buluu. Benchi nimelichukua. Liko uani kwangu, mbuzi aliyesifiwa na Mwalimu Elisha anapandia kula majani ya mlonge, na ndiye kiumbe wa kwanza kulitumia ipasavyo.

Na video msiikate. Mkisema ni kwa heshima yangu, mimi siihitaji heshima hiyo. Iacheni sauti inikatike mbele ya watu wote, mtandaoni, kila atakayefungua aione. Mkiikata pale, hakuna atakayejua Neema aliingilia wapi.